Fundi Kesho na Mkono Wake

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, tena zuri, ila lilikuwa limechakaa kwa kukosa mtu wa kuliita. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, naye aliitika bila kinyongo. Ukimpelekea kitambaa atakipokea kwa mikono miwili, atakipapasa kama mtu anayesikiliza homa ya mtoto, atalisifu umbo lako hata kama hulina, kisha utamwuliza nguo itakuwa tayari lini, naye atasema kesho. Wala hakuwa akidanganya. Kila alipolitamka neno hilo aliliamini kwa moyo wake wote. Shida ni kwamba watu wote aliwapa kesho ile ile moja, na kesho moja haiwatoshi watu wengi hivyo.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Mkewe alipokuwa hai, fundi alikata na kuunga, mke akamalizia: vifungo, matundu ya vifungo, upindo, na kukata zile nyuzi zinazoning'inia. Nguo ilitoka upande wa meza wa baba ikaenda upande wa mama, na ikitoka huko imekwisha, mwenyewe aje achukue. Mama alipofariki, nguo ziliendelea kusogezwa upande ule wa meza, zikalala pale. Fundi alizisukuma kwa mazoea tu, akageukia kitambaa kingine, kama mtu anayemwachia mwenzake zamu. Hivyo chumba kikajaa mashati yasiyo na vifungo na magauni yaliyotimia kila kitu isipokuwa upindo, na yeye akageuka bingwa wa kujificha.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Mbele palikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia na pasi. Nyuma palikuwa na kitanda, jiko, na sanduku la nguo za marehemu ambalo hakulifungua wala hakuligawa. Pazia lilikuwa zito, la maua makubwa, na mtu angedhani liliwekwa kuficha kitanda. Kitanda hakikuwa na aibu yoyote. Lilikuwa linamficha fundi.

Sindano ilimwingia akishona sare ya nesi. Nesi huyu alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kumwamsha mgonjwa na kumlaza tena, na sare zake zilikuwa zimeanza kumkataa kiunoni, ndipo akaleta kitambaa cheupe ashonewe mpya. Fundi alikuwa akipita ukingo wa mfuko, miguu inakwenda, mkono wa kushoto unaongoza kitambaa, akainua macho upande wa pili wa meza kusema, "Hebu niletee bobini ya uzi." Upande ule hapakuwa na mtu. Alipokumbuka hivyo, sindano ilikuwa imekwisha kumpita kidole cha shahada, kando ya ukucha, ikavunjikia humo.

Aliichomoa kwa koleo. Hakupiga kelele, maana mtu hupiga kelele ili asikiwe. Akakipangusa kidole kwa tambara la kupangusia cherehani, akadondoshea tone la mafuta ya cherehani, kama alivyomwona mwalimu wake wa ushonaji akifanya, akakifunga kwa ukanda wa bitana. Damu kidogo ilidondoka kwenye mfuko wa sare nyeupe. Akaitoa ile sare kwenye cherehani na kuitundika msumarini, aifue kesho.

Basi kidole kikaanza maisha yake. Kwanza kiliuma, na hilo lilikuwa la kawaida, fundi asiyechomwa na sindano huyo ni mteja. Kisha kikavimba, kikang'aa kama bilinganya changa. Kisha kikaanza kupiga chenyewe, du, du, du, kwa mwendo wake, mpaka fundi akijaribu kushona anajikuta anakanyaga pedali kwa kufuata mdundo wa kidole. Akahamishia kazi zote mkono wa kulia. Uvimbe nao ukahama, ukaenda kiganjani, ukapita kifundo cha mkono bila kuaga.

Fundi alikuwa na desturi ya kuvaa shati la mikono mirefu, lililofungwa mpaka kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu fundi anayevaa ovyo anajitangaza vibaya. Siku kifungo cha mkononi kilipokataa kufika kwenye tundu lake, alikisogeza. Siku kilipokataa tena, alikaa kitandani, akafumua mshono wa ubavuni mwa mkono wa shati, akauachilia kidogo, akaushona upya. Na hapa ndipo ujinga wa ufundi ulipompata. Maisha yake yote, mtu alipomjia amenenepa, hakumwuliza amekula nini. Alipima, akafumua, akaongeza, akashona. Mwili ni shauri la mwenyewe, nguo ndiyo shauri la fundi. Sasa mkono wake mwenyewe ulipotanuka aliutendea kama mteja: hakumwuliza swali, alimpanulia nguo tu. Tena aliposhona ule mshono vizuri, aliridhika, kama vile kitu kimepona.

"Hodi hapa."

Ilikuwa asubuhi, na ilikuwa sauti ya nesi. Kabla neno halijafika mlangoni fundi alikuwa nyuma ya pazia. Nje, kibarazani, alikuwa amekaa jirani yake, fundi viatu, mzee mwembamba ambaye miguu yake ilikuwa imekunjamana kama ngozi alizozishona. Huyu ndiye aliyekuwa akimlindia fundi uongo wake.

"Fundi yuko wapi?" nesi aliuliza.

"Ametoka," akajibu fundi viatu, bila kuinua macho kwenye soli.

"Ametoka kwenda wapi?"

"Kutafuta vifungo."

"Na hivi viatu vyake hapa mlangoni?"

"Hivyo ameniletea nivitie soli."

"Bado vina joto la miguu."

"Nesi, kumbe wewe unapima joto mpaka la viatu?"

Nesi akacheka puani. "Nyinyi wazee mnanichezea. Mimi nikiinama wodini, wagonjwa wanafumba macho kwa heshima. Hii niliyovaa nimeibana na pini. Mwambie huyo aliyekwenda kutafuta vifungo, ikichanika tena nakuja hapa nalitwaa pazia lake, nalivaa, naenda nalo kazini."

"Nitamwambia."

"Mwambie kwa sauti, asikie huko aliko."

Nyuma ya pazia fundi alikuwa amebana pumzi. Mkono ulikuwa unampiga mpaka akaogopa utasikika nje. Akadhani nesi anaondoka, kumbe ameinama.

"Na hicho kidole chako kimefanya nini?" nesi akamwuliza fundi viatu.

"Msumari mdogo. Umenisalimia tu."

"Kilete. Umekiosha?"

"Kimeoshwa na jasho."

"Kakioshe kwa maji safi na sabuni, halafu ukifunge kwa kitambaa safi, si hilo tambara la gundi. Na unisikilize vizuri, babu, nisije nikarudia. Kikivimba, kikawa cha moto, usikae nacho. Ukiona mstari unaupanda mkono, ukasikia tezi za kwapani zinauma, au ukaanza kutetemeka kwa baridi juani, hapo huagi mtu. Unakuja mbio, hata kama umevaa kiatu kimoja. Uchafu ukishaingia kwenye damu haukungojei. Mimi wiki hii niko dirisha la dharura."

"Mimi nina viatu vingi," akasema fundi viatu.

Fundi Kesho aliingiza vidole vya mkono wa kulia kwapani mwa kushoto. Palikuwa na kitu cha mviringo, kigumu, kama kifungo cha koti, na alipokigusa machozi yalimtoka bila ruhusa. Akafungua mkono wa shati, akatazama. Mstari ulikuwepo. Ulitoka kwenye kifundo cha mkono ukapanda, mwembamba, wa moto ukiupapasa, umenyooka kuliko mistari yake ya chaki.

Pazia tu lilikuwa kati yake na mtu aliyemhitaji. Kulisogeza hakuhitaji hata nguvu. Lakini mbele pale, msumarini, ilitundikwa sare isiyo na vifungo, ina doa la damu mfukoni, na akitoka nesi angeona yote kwa pamoja: mkono, sare, na mtu mzima anayejificha nyuma ya maua. Akawaza, nitaimaliza sare kwanza, halafu nimpelekee, na nikimpa nitamwonyesha na mkono. Aliona hiyo ndiyo adabu. Utamwombaje mtu dawa na hujampa nguo yake?

Visigino vya nesi vikaondoka.

"Toka, amekwenda," akasema fundi viatu. "Wewe siku moja utanipeleka motoni kwa uongo huu."

"Nitakushonea sanda nzuri," fundi akajibu kutoka nyuma ya pazia.

"Itakuwa tayari lini?"

"Kesho."

"Basi mimi sifi. Nitakaa hapa hapa nangoja."

Fundi akacheka kidogo, ili jirani asikie amecheka. Hakutoka. Uso wake alikuwa ameuona asubuhi ile kwenye kioo cha kujaribishia wateja nguo, na hakutaka mwingine auone.

Mchana ule alijaribu kuimaliza sare. Aliufua mfuko kwa mkono mmoja, doa likafifia, halikutoka. Aliiweka mezani, akaishika kwa kiwiko, akachukua sindano ya mkono na kuanza kifungo cha kwanza. Kazi ya kifungo inataka mikono miwili. Mmoja unashika, mwingine unashona. Na kila alipouamuru wa kushoto ushike, ulikataa kama mtoto mkaidi. Kifungo kikateleza, kikadondoka, kikaviringika chini ya meza. Aliinama kukitafuta, chumba kikazunguka, akabaki chini pale kwa muda, shavu lake kwenye sakafu, akiitazama ile pedali ya cherehani kwa karibu. Alifikiri: mama angekiona hiki kifungo mara moja. Alikuwa na macho ya vifungo, yule.

Jioni simu ikalia. Ni binti yake, aliyeolewa mbali, mwenye desturi ya kupiga kila Jumapili.

"Baba, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Mzima kama chuma."

"Umekula?"

"Nimekula mpaka nimebakiza."

"Mbona sauti yako nzito hivyo?"

"Pini ziko mdomoni."

Akanyoosha mguu, akaanza kukanyaga. Cherehani ikaunguruma, haina uzi, haina kitambaa, sindano inapanda na kushuka hewani. Alijua binti yake akiisikia hiyo hutulia.

"Bado unashona saa hizi? Si upumzike."

"Kazi nyingi."

"Haya. Mimi nasema afadhali una kazi. Ningekuwa nakaa na wasiwasi, kwamba umebaki peke yako humo ndani."

"Nani kakwambia niko peke yangu? Huku watu wanapishana mlangoni."

Hilo lilikuwa kweli. Walipishana mlangoni, kila mmoja na nguo yake anayoidai, na yeye nyuma ya pazia akiwahesabu kwa sauti zao. Binti akasema watoto wanamlilia, akaaga, akakata. Mguu wa fundi uliendelea kukanyaga. Hakukuwa na wa kumsikia tena, lakini alikanyaga mpaka simu ikazimika mwanga wake mezani.

Kulipokucha, alikuwa amelowa kama nguo inayotoka kwenye beseni, na meno yanagongana. Akachukua shati. Mkono haukuingia. Akashika kiwembe chake cha kufumulia, akafungua mshono wa ubavuni, apanue tena, akatazama ndani yake. Akautazama sana. Hapakuwa na nafasi iliyobaki. Kile kitambaa cha akiba ambacho fundi mwenye akili huacha ndani ya mshono, alikuwa amekwisha kukitumia chote, sasa ulikuwa umebaki ukingo mtupu unaochanika nyuzi. Daktari angemweleza kwa maneno marefu asielewe. Mshono ulimweleza akaelewa. Hakuna pa kupanulia tena.

Akauacha mkono wa shati wazi, umefumuka mpaka kwapani, akaukata ukanda mrefu wa bitana ya bluu, akaufunga shingoni na kuuning'iniza mkono humo. Kibarazani kwa fundi viatu palikuwa na kigoda kitupu. Mwenyewe alikuwa amekwenda kununua ngozi. Fundi alisimama akikitazama kile kigoda kama anayengoja kijibu. Kisha akafunga mlango na kwenda.

Hospitali haikuwa mbali kwa mtu mwenye afya. Kwa fundi siku ile njia ilinyooshwa kama mpira. Alitembea kwa kushika kuta. Na kila hatua mtaa ulimsalimia, maana watu waliokuwa wakimtafuta siku zote hawakuamini bahati yao.

"Fundi, koti langu?" aliita muuza mkaa.

"Kesho."

"Fundi, ile suruali ya harusi, bwana harusi ameshapata na mtoto wa pili."

"Kesho, bwana."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya duka lake akautazama ule ukanda wa bluu. "Leo fundi umevaa mtindo gani?"

"Mpya," akasema. "Unakuja."

Yule mwanamke akacheka, akaendelea kufagia. Hakuna aliyemtazama usoni. Walitazama mikono yake kama ina nguo zao, wakaona haina, wakarudi kwenye shughuli zao. Wala si watu wabaya. Mtu uliyezoea kumkosa, ukimwona, unamwuliza lile unalomdai tu.

Alipofika alilikuta dirisha la dharura kabla hajaketi. Nyuma ya kioo alikuwa nesi, ameinamia kazi yake, na kiunoni sare imekusanywa kwa pini kubwa mbili zinazong'aa. Fundi aliziona zile pini, akageuka. Hakufikiri, miguu ilikuwa imeshazoea. Akakata kona ya kwanza aliyoiona, akajikuta kwenye benchi refu la akina mama waliobeba watoto wachanga, wanangoja kupimiwa uzito. Akakaa hapo. Akajibanza pembeni, katikati ya mafurushi ya nepi, kama kawaida ya mtu aliye nyuma ya pazia.

"Shikamoo, babu," akasema mama kijana aliyekuwa karibu naye.

"Marahaba."

"Umemleta mjukuu?"

"Mh."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

Mama akamtazama, akatazama huku na huko, hakuona mjukuu. Foleni ikasogea. Fundi naye akasogea, kwa adabu. Watoto wakalia, mizani ikalia, mtu mmoja akaita jina, mwingine akaitika. Na hapo, katikati ya majina yale yanayoitwa, wazo likamjia likakaa. Nikianguka hapa, watasema nini? Watasema kuna mzee. Kaanguka mzee mmoja kwenye kliniki ya watoto. Hawajui ametoka wapi wala ni baba wa nani. Akajaribu kulikumbuka jina lake, lile la wazazi, kwa ajili ya tahadhari. Lilichukua muda kufika.

"Babu," mama kijana akasema, na sasa alikuwa amemhamishia mtoto bega la pili, "mbona unatetemeka hivyo, na jua lote hili?"

Alitazama chini akaona ni kweli. Jua lilikuwa limemlalia magotini, na magoti yalikuwa yanagongana.

"Naomba unishike niinuke, mwanangu," alisema.

Akamshika. Alikuwa na mkono wenye nguvu, mkono wa mtu anayefua. Fundi akapita kona ile ile aliyoikata, akarudi. Mbele ya dirisha palikuwa na watu, lakini yule mama kijana, mtoto begani, alisema tu, "Jamani, huyu babu," na wakampisha.

"Nesi," akasema fundi.

"Ehe. Vifungo vimepatikana?" Nesi hakuinua kichwa.

"Sare yako haijaisha."

"Najua haijaisha."

"Ina doa mfukoni. La damu. Nimelifua, halitoki."

"Damu ya nani?" Hapo akainua kichwa.

Sauti yake ile ya kuamsha wagonjwa haikutoka. Ilishuka, ikawa ndogo, na fundi akaogopa zaidi kuliko kama angemfokea. Nesi alikuwa amezunguka mlango na kumfikia kabla hajaanza kueleza, amemketisha kwenye kiti cha magurudumu, ameweka kiganja paji la uso, ameshika mshipa, anawaita wenzake kwa majina yao, na wenzake wanakuja mbio. Watu wakafanya kazi juu yake. Mmoja alimfunga mkono wa kulia kitu kinachobana na kuachia. Mwingine alitafuta mshipa, akakosa, akatafuta tena, akapata, dripu ikaning'inizwa. Fundi alikuwa amewapima watu maisha yake yote, mabega, vifua, viuno, na hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumwekea yeye mkono.

Nesi akashika mkasi.

"Fuata mshono," fundi akamwambia. "Usikate kitambaa, ni kizuri bado."

"Fundi, nyamaza."

Lakini alifuata mshono. Alikata kwa uangalifu mpaka begani, akalivua shati kama anavyolivua mtu anayejua kwamba mwenyewe anatazama.

Daktari alikuwa kijana mwenye ndevu chache, mpole wa mikono. Aliufuata ule mstari kwa kidole mpaka kwapani, akabonyeza, akamtazama fundi akikunja uso.

"Mzee, umechelewa sana," akasema. "Sasa uchafu umeingia kwenye damu. Dawa ya mshipani inaanza sasa hivi, halafu tunakupeleka kukifungua hicho kidole na kukisafisha. Mkono tutaupigania. Kidole siwezi kukuahidi."

"Ni cha kuongozea kitambaa," fundi akasema.

"Pole sana, mzee. Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu."

"Nani wa kukaa na wewe baadaye?"

Fundi alitazama dripu ikidondoka. Aliiona ina haraka kuliko yeye.

"Tumpigie nani?" nesi akauliza, simu iko mkononi tayari.

Alizitaja tarakimu za binti yake moja moja, kwa kichwa. Nesi akapiga, akaiweka simu sikioni mwa fundi, akaishikilia yeye mwenyewe kwa kuwa mikono ya fundi yote miwili ilikuwa na kazi.

"Haloo?"

"Mwanangu. Ni mimi."

"Baba? Hii namba ya nani? Hujambo?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, kwa mazoea ya miaka. Aliling'ata. Likarudi.

"Naumwa," akasema.

Mtoto akasikika analia, akanyamazishwa.

"Unaumwa nini, baba?"

"Mkono. Niko hospitali. Wanataka kunipasua."

"Tangu lini?"

"Hata ulipopiga, nilikuwa naumwa."

Alingoja agombezwe. Angependa agombezwe. Lakini binti yake alikuwa anapumua tu, kama mtu aliyeketi ghafla.

"Nakuja," akasema.

"Ni mbali, mwanangu."

"Najua ni mbali, baba. Si mimi ninayekaa huku?"

Wakamsukuma kwenye kiti. Taa za darini zilipita juu yake moja baada ya nyingine. Nesi aliandamana naye mpaka kwenye mlango wa vioo, akasema kule ndani si zamu yake, akarudi dirishani kwake ambako watu walikuwa wameongezeka.

Alipofumbua macho vizuri, mkono ulikuwa umeinuliwa, umefungwa bandeji nyeupe, umening'inizwa kwenye nondo. Alihesabu vilele vya vidole vilivyochomoza, vinne, na hakuhitaji kuhesabu mara mbili. Daktari alisema homa imeanza kushuka, na mkono umebaki, na hilo ndilo kubwa. Fundi akaitika. Bandeji ilikuwa imefungwa vizuri, alikubali. Mwisho wake umekunjwa kwa ndani, hauonekani.

Alasiri milango ya wodi ikafunguliwa kwa wageni. Wakaingia kwa wingi, na harufu za nje, na vikapu, na sauti za chini ambazo watu hutumia hospitali na makaburini. Kitanda cha kulia kilipata mke, dada na mama mkwe. Cha kushoto kilipata ukoo mzima, wakasimama wamezunguka, wakaanza kubishana juu ya nani aliacha mlango wa nyumbani wazi. Hata mzee wa kona, ambaye hakusema na mtu, alijiwa na kijana aliyemkata kucha.

Fundi alitazama dari. Nesi alikuwa kwenye zamu yake ya dirishani. Huko mtaani, bila shaka, fundi viatu alikuwa amekaa kibarazani pake akiwaambia wateja kwamba fundi ametoka, na kwa mara ya kwanza alikuwa akisema kweli bila kujua.

Kando ya kitanda chake palikuwa na kiti cha mbao. Mwanamke mmoja wa ule ukoo wa kushoto, mtu mzima, amechoka na safari, aliutia mkono mgongoni mwa kiti.

"Samahani, mzee. Hiki kina mtu?"

Fundi aligeuza kichwa. Akanyoosha mguu wake mmoja kutoka ndani ya shuka, akauweka juu ya kiti.

"Kuna mtu anakuja," akasema.

Mwanamke akakitazama kile kimeza cha kando ya kitanda, hakina chupa, hakina tunda, hakina hata bilauri. Akamtazama fundi. Hakubisha. Akarudi kukaa kwenye ukingo wa kitanda cha ndugu yake, miguu imemning'inia.

"Anatoka mbali," fundi akaongeza.

"Haya, mzee. Afike salama."

Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Ukoo ukaagana kwa muda mrefu, wakatoka kwa vikundi, wodi ikabaki na vikohozi vyake. Mhudumu akapita akirudisha viti ukutani. Alipofika kwa fundi aliukuta ule mguu pale pale juu ya kiti, umekaa kama mlinzi, na macho ya mwenyewe yako mlangoni, basi akakipita kile kimoja, akaenda zake.